Cheti cha Mgeni: Habari za Uvuvi, Serikali na Ada katika Nyanza na Bahari Yetu

Kamati ya kitabu hiki iliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya sikukuu ya Chama Kikuu chetu kutimiza miaka kumi, wenzangu ofisini walidhani nitaandika juu ya pamba, au juu ya dhahabu, maana hizo ndizo habari ambazo mtoto wa Rwamgasa huzaliwa akizisikia. Nimechagua samaki. Najua sana ya kuwa Rwamgasa haina ufuko. Atakaye kuyaona maji ya Nyanza kutoka hapa hana budi apande gari, apite Geita au Katoro, na ateremke hata Nungwe, Nkome au Chato. Lakini sijaona nyumba katika kata yetu isiyopika dagaa, na wachimbaji wetu wakitoka shimoni jioni hawaulizi kwanza bei ya dhahabu. Huuliza kuna mboga gani.

Ipo na sababu ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ndugu zetu wa vyama vya msingi vya mwaloni wameleta ombi, kwamba mitumbwi ya watu wasio wanachama, hasa ile itokayo mikoa mingine kufuata dagaa, itozwe ada kila inapotumia chanja za kuanikia zilizojengwa kwa fedha za Chama, na ada hiyo iwe kubwa mara kadhaa kuliko ile ya mwanachama. Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu. Wakulima wa bara, ambao ndio wengi na ndio wenye kura, wameniuliza mara nyingi: Mgeni ni nani? Alipe kiasi gani? Na akishalipa, ni nani atakayemtazama? Maswali hayo si mapya. Serikali za nchi hizi zimeyauliza kwa zaidi ya miaka mia, na majibu mengine yalikuwa ya busara, na mengine yalileta hasara. Nimeona heri tuyatazame kabla hatujanyosha mikono.

Hapo kale mgeni wa majini alijulikana kwa ukoo wake. Katika sehemu nyingi za mwambao, na hasa upande wa Wajaluo, koo zilikuwa na haki juu ya mahali pa kutegea migono na pa kujenga nyua za matete, na mtu wa mbali hakuingia pasipo kuomba. Hapakuwa na karatasi wala muhuri. Aliyeombwa alikuwa yupo pale pale ufukoni, akimwona mwombaji kwa macho yake, akijua ameingia na migono mingapi na ametoka na samaki wangapi. Nawaomba wasomaji walishike neno hilo, maana nitalirudia.

Kisha ikaja mistari. Katika mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya kuhusu nchi hizi, na ziwa likakatwa kwenye digrii 1 kusini ya Ikweta: kaskazini ya Mwingereza, kusini ya Mjerumani. Katika mwaka wa 1902 Waingereza wenyewe wakahamisha jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika nchi ambayo leo ni Kenya, na kwa hiyo ziwa likawa na mstari mwingine tena. Leo hesabu ya maji, yapata kilomita za mraba 68,800, hutajwa kuwa Tanzania 51 kwa mia, Uganda 43 na Kenya 6. Samaki hawakupewa habari hiyo. Sato aliyezaliwa kwenye matete ya upande mmoja hukua akaliwa upande mwingine, na mvuvi amfuataye hugeuka mgeni katikati ya maji, mahali pasipo na jiwe wala mti wa kumwonyesha kwamba amevuka.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika ufuko wa ziwa, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kutega za namna ya Ulaya, zilizofumwa kwa nyuzi za kitani, zililetwa katika ghuba ile ile. Kwa mara ya kwanza samaki wa ziwa alikuwa na chombo kikubwa cha kumkamata na soko la mbali la kumnunua. Samaki aliyetafutwa zaidi ni ngege, na haikupita miaka mingi kabla wavuvi hawajaanza kulia kwamba nyavu zimekuwa nyepesi. Mtu akiona wavu wake mwepesi hufanya moja katika mawili: huongeza nyavu, au hununua wavu wenye matundu madogo zaidi. Wengi walifanya yote mawili.

Ndipo Serikali ya kikoloni ilipomwita mtaalamu. Michael Graham, Mwingereza, alizunguka ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, akapima samaki, akahesabu nyavu, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1929. Alitoa mashauri mawili ambayo mpaka leo ndiyo kiini cha habari zote za usimamizi wa ziwa hili. La kwanza, wavu usiwe na tundu lililo chini ya inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. La pili, pawe na mamlaka moja tu ya kulisimamia ziwa zima, yenye kuhesabu samaki kila siku, kwa sababu amri isiyo na hesabu nyuma yake ni maneno matupu. Tafsiri ni yangu, lakini ndiyo maana yake.

Tazameni sasa yaliyotendeka. Shauri la kwanza, ambalo halikuwagharimu watawala ila karatasi, lilifanywa sheria katika nchi zote tatu kwenye miaka ya 1930. Shauri la pili, lililohitaji maboti, makarani na mishahara, lilingoja mpaka mwaka 1947, ulipoanzishwa Utumishi wa Uvuvi wa Ziwa Victoria chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, pamoja na kituo cha uchunguzi wa samaki huko Jinja. Tangu taarifa ya Graham hata siku hiyo ni miaka 18. Utumishi wenyewe haukudumu hata miaka 15. Kwenye mwanzo wa miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia, zikawa na nguvu kupita za kitani, na amri ya inchi 5 ikawa haishikiki. Tanganyika na Uganda ziliifuta kwenye miaka ya 1956 na 1957. Kenya ikafuata mwaka 1961. Utumishi ukavunjwa, kila nchi ikarudi kwenye kipande chake cha maji. Ngege yule aliyekuwa chakula cha kila mtu amekuwa adimu kabisa katika ziwa kuu, na watoto wa leo ukiwatajia jina lake hudhani unataja samaki wa hadithi.

Ni katika siku hizo mtumishi wa Serikali aliyesimamia uvuvi alipata jina la Bwana Samaki, kama vile mwenzake wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Wakulima wenzangu wanamkumbuka zaidi Bwana Shamba, kwa ajili ya matuta na kung'oa mabua ya pamba. Tofauti yao moja ilikuwa kubwa: shamba halikimbii. Bwana Shamba akija leo akikosa kukuta matuta, atakuja kesho ayakute au asiyakute, lakini shamba litakuwa pale pale. Bwana Samaki mwenye baiskeli, asiye na boti, alikuwa akisimamia maji kwa kuyatazama kutoka nchi kavu.

Baada ya Uhuru, Bunge lilitunga Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, nayo ikafuatwa na Sheria Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009. Kwa sheria hizo hapana mtu aruhusiwaye kuvua kwa biashara ila awe na leseni, na chombo chake kiwe kimeandikishwa. Na jedwali la ada hutenganisha raia na asiye raia. Jambo hilo si geni kwetu tunaoishi juu ya dhahabu. Leseni ya mchimbaji mdogo nayo sheria imeiwekea raia wa Tanzania, na wote twajua jinsi mgeni mwenye fedha anavyoweza kujificha nyuma ya jina la mwenyeji, akalipa ada ndogo ya mwenyeji na kuondoka na mali kubwa ya mgeni. Penye ada mbili daima patatokea mtu wa kuuza jina lake.

Lakini kabla Kanuni hizo hazijakaa sawa, ziwa lenyewe lilikuwa limekwisha kugeuka. Sangara alitiwa majini upande wa Uganda tangu mwaka 1954 hivi. Kwa muda mrefu hakuonekana kwetu; kisha katika miaka ya 1980 akajaa Ghuba ya Mwanza na visiwa vyote, akawala furu wa kila rangi ambao hapo awali walikuwa wengi kuliko samaki wote. Viwanda vya minofu vya upande wa Kenya vilitangulia kufunguliwa, na mawakala wao wakaja kununua sangara wa maji yetu kwa maboti na malori. Baadaye viwanda vikasimama Mwanza na Musoma, na minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Mvuvi wa Nkome, ambaye baba yake alimwuzia samaki mama wa kijiji cha pili, sasa alikuwa akimwuzia mtu wa nchi asiyoijua. Ulaya ilipokataza samaki wetu mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa sababu ya habari za watu waliovua kwa sumu, bei ilianguka mwaloni siku chache tu. Watu wachache wenye chupa za sumu waliwafungia mlango wavuvi wa nchi tatu.

Pigo lile lilifundisha jambo. Mapema kidogo, tarehe 30 Juni 1994, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimetia sahihi huko Kisumu Mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake Jinja. Hilo ndilo shauri la pili la Graham, limerudi baada ya miaka 65. Na tangu mwaka 1998 upande wetu ulianza kuunda vikundi vya usimamizi wa mialo, ambavyo kila mvuvi huviita BMU, ili wenyeji wa ufuko wenyewe wahesabu mitumbwi, waandike samaki walioshushwa, na wamkamate mwenye kokoro. Naliona jambo hili kuwa jema kuliko yote yaliyotendwa, kwa kuwa linamrudisha yule mtu wa kale aliyesimama ufukoni akiona kwa macho yake. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi mtu huyo hupewa kazi asipewe ujira, na mwenye kokoro ni shemeji yake.

Hadithi ya kisiwa cha Migingo nayo haifai kupitwa, maana hakuna mahali pengine palipoonyesha wazi zaidi nguvu ya cheti cha mgeni. Migingo ni mwamba mdogo, haufiki ukubwa wa eka moja, umejaa vibanda vya mabati tangu ukingo mmoja hata mwingine. Una thamani kwa sababu maji yaliyouzunguka yana sangara. Wavuvi wengi wa hapo walikuwa watu wa Kenya. Polisi wa Uganda walifika, wakapandisha bendera, wakawataka wavuvi wale walipe vibali kama wageni. Mwaka 2009 ugomvi huo nusura uharibu ujirani wa nchi mbili. Vitabu vya mipaka vilifunguliwa, wapimaji wakatumwa, na Rais Museveni mwenyewe akakubali ya kuwa kisiwa ni cha Kenya, ila akashikilia kwamba maji ni ya Uganda. Fikirini hali ya mvuvi: alalapo ni mwenyeji, na asukumapo mtumbwi hatua chache ni mgeni mwenye kudaiwa cheti. Sina haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Nataka tuone tu kwamba ada ile haikutozwa kwa sababu ya samaki. Mwenye kupokea ada ndiye mwenye maji. Basi kila upande ulitaka kuwa mpokeaji.

Karibu nasi zaidi kuna Rubondo. Kisiwa hicho kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, na hifadhi nzima, kisiwa na maji yake, ni kama kilomita za mraba 457. Wavuvi wa vijiji hawaruhusiwi kuingia humo, na sababu yake ni njema, kwa kuwa samaki huzaa humo kwa amani kisha hutoka wakajaza maji ya jirani. Lakini mtalii alipapo kibali chake kwa dola, huruhusiwa kuvua kwa ndoana kwa ajili ya mchezo, na desturi ni kumrudisha samaki majini. Nimewasikia vijana wa mwambao wakiuliza kwa uchungu iwaje mgeni anunue ruhusa ambayo mwenyeji hauziwi kwa bei yoyote. Nilipokuwa kijana nami niliuliza vivyo hivyo. Sasa naona kwamba ndoana moja yenye mlinzi kando yake si sawa na nyavu mia za usiku. Hata hivyo jibu hilo linapaswa kutolewa kwa subira na watu wa hifadhi wenyewe mkutanoni, wala lisiachiwe bunduki.

Sasa nawaomba tuondoke ziwani tuende baharini, maana huko ndiko ada ya mgeni ilikopimwa kwa mizani kubwa. Kwa Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982, nchi yenye pwani ina haki juu ya samaki walio hata maili 200 za baharini kutoka ufuko wake, na mgeni akitaka kuvua humo aombe ruhusa na alipe. Tanzania ilijitangazia ukanda huo kwa sheria ya mwaka 1989. Kwa kuwa bahari hiyo ni ya pande zote mbili za Muungano, ilitungwa Sheria ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu mwaka 1998, ikarekebishwa mwaka 2007, na Mamlaka yenyewe ikaanza kazi mwaka 2010, makao yake Zanzibar. Hesabuni wenyewe: tangu kutangaza ukanda hata kumpata mlinzi wake ni miaka 21. Katika muda huo wote jodari wa bahari yetu walikuwa wakipita, na meli za mataifa ya mbali zilikuwa zikiwafuata.

Tarehe 8 Machi 2009, doria iliyofanywa kwa msaada wa meli ya Afrika ya Kusini iliikamata meli iitwayo Tawariq 1 ikivua katika maji yetu pasipo leseni. Ndani yake mlikuwa na karibu tani 300 za samaki, na mabaharia zaidi ya 30 wa mataifa mbalimbali. Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi wakati huo alikuwa Dakta John Pombe Magufuli, mtu wa Chato, jirani yetu, naye alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Samaki wale waligawiwa wananchi kuwa chakula, watu wakawaita samaki wa Magufuli, na jina hilo limebaki. Wengi waliokula hawakuwahi kuonja jodari katika maisha yao, ingawa jodari huyo alivuliwa katika bahari yao.

Mwisho wa kesi haukufanana na mwanzo wake. Mnamo Februari 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wa meli, ikawapa adhabu kubwa; mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu, kwa kuwa idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, iliyotakiwa na sheria, haikutolewa ipasavyo. Washtakiwa walikwisha kukaa rumande miaka. Meli ilikwisha kuharibika bandarini. Sheria ile ile ya Bahari ya mwaka 1982 inasema pia ya kuwa mgeni anayevunja amri za uvuvi katika ukanda wa maili 200 asiadhibiwe kwa kifungo, ila ikiwa nchi zinazohusika zimekubaliana; nayo ni habari ambayo wengi wetu tulioshangilia mwaka 2009 hatukuijua. Sisemi kwamba kukamata kulikuwa kosa. Nasema kwamba waliokamata walikuwa hodari kuliko walioandika makaratasi, na mimi niliye mwandishi wa makaratasi niliona haya kwa niaba yao.

Funzo la pili la baharini ni la kiwango chenyewe cha ada. Mtindo wa kwanza ulikuwa kwamba meli ya kigeni hulipa leseni kwa muda fulani, iwe imepata samaki wengi au wachache. Hasara ya mtindo huo ni dhahiri: mwenye meli akishalipa, kila tani aongezayo ni yake bure. Basi kwenye miaka ya 2016 na 2017 Serikali iliongeza mrabaha wa dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki, maana yake dola 400 kwa tani. Kwa akili ya mkulima ni haki tupu, kwani hata sisi pamba yetu hupimwa kwa kilo. Lakini meli za mbali zikakacha kukata leseni zetu. Jodari huhama, na mwenye meli anaweza kumngoja katika maji ya jirani anayetoza kidogo. Mrabaha ule haukudumu. Baadaye uliondolewa ili meli zirudi. Kumbe kulipisha kwa kilo si kosa. Kosa ni kulipisha peke yako samaki anayepita katika maji ya nchi nyingi, na hasa kama huna mtu melini wa kuzihesabu kilo hizo.

Hata penye leseni hapakosi hila. Mwezi Januari 2018 meli ya Kimalaysia iitwayo Buah Naga 1 ilikamatwa kusini mwa pwani yetu. Ndani yake mlikutwa mapezi ya papa, ambayo ni marufuku kuyakata na kuutupa mwili, na mahakama ya Mtwara ikawahukumu wahusika mwaka uliofuata. Mwezi ule ule wa Januari 2018, huku ziwani, ilianza Operesheni Sangara chini ya Waziri Luhaga Mpina. Nyavu haramu zilichomwa moto mialoni, mitumbwi ikazuiwa, faini zikatozwa. Wako wanachama wetu waliopoteza mali yote katika siku moja. Wako pia waliosema, baada ya msimu kupita, kwamba sangara wameanza kuonekana tena karibu. Mimi naamini wote wawili walisema kweli. Neno langu ni moja tu: wavu haramu hauoti mwaloni. Unaingia nchini kwa meli na kwa gari, unauzwa dukani kwa risiti, na mwenye duka hana mtumbwi wa kuchomwa.

Narudi sasa nyumbani kwa ombi la chanja. Miaka michache iliyopita nilitumwa kwenye mwalo mmoja, ambao sitautaja, kulinganisha hesabu za ushuru na hesabu zetu za dagaa. Nilifika alfajiri, wavuvi wa taa wakirudi. Nilihesabu mitumbwi 61 kwa vidole na kwa penseli. Jioni nikaliona daftari la mkusanyaji: limeandikwa mitumbwi 38. Nilipouliza ile 23 imekwenda wapi, niliambiwa kwa upole, "Hiyo ni ya wageni, mwalimu, tunapatana nayo kando." Sikuwa mwalimu, lakini niliielewa lugha. Ada ya mgeni ilikuwapo, tena kubwa. Ila haikuwa ya Halmashauri wala ya kijiji. Na kwa kuwa mitumbwi hiyo haikuandikwa, samaki wake nao hawakuandikwa, na watu wa takwimu wakaambiwa kwamba mwalo ule umeshusha dagaa wachache. Yaani hata hesabu ya ziwa ilipotoshwa kwa ajili ya makubaliano ya kando.

Upo na upande wa mgeni, ambao si haki kuunyamazia. Mvuvi wa kambi hufuata dagaa, na dagaa hawana makazi. Giza la mwezi huu yuko Nkome, giza la mwezi ujao yuko kisiwani. Kila afikapo anadaiwa: ushuru wa huku, mchango wa kule, na mara nyingine leseni aliyokwisha kuilipia kwao huonekana si kitu. Mwisho hukata tamaa ya kuwa mwaminifu, akajifunza kushusha usiku mahali pasipo na mtu. Tukimpandishia ada ya chanja kupita kiasi atawaanika dagaa wake mchangani, nasi tutakula mchanga hapa Rwamgasa, kama tulivyokula siku zote kabla chanja hazijajengwa.

Nasi wenyewe ni nani hata tuwaite wenzetu wageni? Wazinza walikuwapo katika nchi hii kabla ya wengi wetu. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya Tanganyika iliwahimiza Wasukuma wa mashariki, ambako mifugo na watu walikuwa wamesongamana, wahamie Geita. Na tangu dhahabu ilipoanza kuchimbwa na watu wadogo, Rwamgasa imepokea watu wa kila kabila. Daftari la wanachama wetu lathibitisha: ukisoma majina kurasa tano, umesafiri nchi nzima. Kila mmoja aliingia kwa hisa yake, akawa mwenyeji siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, nikiwa katibu ninayetakiwa kutoa maelezo wala si kupiga kura, maelezo yangu juu ya ombi ni haya. Ada ya asiye mwanachama ni halali, kwa sababu chanja zina gharama, na mbao huoza, na mwanachama amekwisha kuzilipia kwa hisa. Tofauti kati ya ada hizo mbili isipite gharama hiyo. Mgeni atakaye kununua hisa asifungiwe mlango. Ada ipimwe kwa ndoo ya dagaa, isiwe kwa mtumbwi, ili mwenye kidogo alipe kidogo. Risiti itolewe pale pale, na nakala yake isomwe hadharani kila mwisho wa giza mbele ya wavuvi wote, wageni wakiwamo. Na kabla ya kutoza hata senti moja, awepo mtu wa kuhesabu, mwenye ujira wake kutoka katika ada hiyo hiyo; kama ada haitoshi kumlipa mhesabuji, basi haifai kutozwa.

Vyama vya msingi vya mwaloni vimeombwa vilete hesabu ya mitumbwi ya giza tatu mfululizo, ikitenganisha ya wanachama na isiyo ya wanachama. Hesabu ya kwanza imekwisha kufika ofisini. Inasema mitumbwi ya wageni ni minne tu. Nimeirudisha, na barua ya kuomba wahesabu tena nimeitia sahihi mwenyewe.